Sisimizi Kwenye Shavu la Bibi wa Kisanduku

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, na siku hizo mbili zimepishana wiki moja tu. Ni siku ambayo sisimizi walitoka kwenye shavu la mwanamke wa Kizungu, sebuleni kwa watu, Lindi mjini, nami nimekaa palepale nimefunga mdomo.

Kwetu ni Rutamba. Baba alilima ufuta, na shule mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo maneno yangu yakipinda uyanyooshe mwenyewe. Posa ilipokuja kutoka Kilwa Masoko nililetwa Lindi kwa shangazi nikawekwa ndani. Wakati huo mwali aliwekwa ndani kweli, jua hulioni. Unasingwa liwa, ule msandali wa kusaga, asubuhi na jioni, unanyweshwa uji wa mchele wa nazi na sukari mpaka uote mashavu. Mimi nilikuwa mwembamba kama ufito, basi wangu ulikuja mabakuli mawili. Uji huo usiusahau, nitaurudia.

Somo yangu, mwanamke aliyenifunda, alikuwa Bi Rehema. Mjane, mfupi, ana mwanya, hacheki ovyo. Mabinti aliowafunda na kuwatoa yeye wengi walikuwa watoto wa maskini, na mtoto wa maskini atapendezaje siku yake kama si kwa kuazima? Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sawa, lakini kwa siku moja inasitiri. Bi Rehema aliingia nyumba yoyote ya Lindi akasema, "Naomba kwa mdomo wangu, nitarudisha kwa mkono wangu," akapewa mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi, akapewa mkufu. Hakuandikishwa popote. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa shamba lake na nyumba yake.

Kwa ajili yangu aliazima kisanduku cha kutilia dhahabu zangu, ambazo, nikuambie kweli, zilikuwa vipuli viwili na kipini cha pua. Kisanduku kilikuwa cha Mama Nasreen, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Kilitoka Ulaya zamani, alirithishwa na mkwewe. Mwili wake ni shaba ya nakshi, na juu ya kifuniko sura ya mwanamke. Nilidhani imechorwa. Nilipokisogeza karibu nikaona ni vijiwe vya kioo, kila kimoja kidogo kuliko chenga ya mchele, vimepangwa vikabanana mpaka vikawa mtu. Shavu tu lilikuwa na rangi za waridi nisizojua kuzihesabu. Macho ya samawati. Ukihamia pembe ya chumba, yanakufuata.

Sasa fikiria mwali, peke yake, mchana mrefu. Nikaona shaba imefifia na bibi ana vumbi. Kwetu shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu. Masinia ya mama yangu nimeyasugua tangu nina miaka saba. Ndimu ilikuwepo, ya nywele zangu. Majivu nikachota kwenye chetezo. Shaba ikang'aa. Mkono ukishafurahi hauna breki, nikapanda juu kwenye kifuniko, nikamsugua bibi uso.

Nikasikia kama mchele unamwagika kwenye ungo.

Jicho la kushoto na nusu ya shavu vilikuwa mkekani. Vile vijiwe vilishikwa na kitu kama ulimbo mkavu, ndimu ikaingia chini yake. Uani namsikia Bi Rehema anaongea na shangazi, kisha nasikia kandambili zake zinakuja. Zikasimama. Zikarudi. Gundi sina. Pembeni yangu bakuli la pili la uji, limeganda. Mwanangu, nilibandika jicho la watu kwa uji.

Kwa mbali haikuonekana vibaya. Ukikaribia, bibi alikuwa anatazama pua yake mwenyewe.

Harusi ikapita. Palipo na bibi harusi nani anatazama kisanduku? Fungate ilikuwa hapohapo kwa shangazi, na siku ya tatu nikamwona sisimizi mmoja kwenye kifuniko. Nikampangusa. Kesho yake akaja na ukoo wake. Nilikuwa naamka kabla ya mume wangu nipanguse, nafunika kitambaa, nafunua, napangusa tena. Akaniuliza mbona huli. Nikamwambia nawakumbuka wazazi. Maskini, akaninunulia chapati.

Siku ya saba Bi Rehema akaja kukichukua, twende naye nikashukuru kabla ya gari la Kilwa.

"Kisanduku kizima, mwali?"

"Kizima, somo."

"Kitazame tena."

"Nimekitazama."

"Mara ya mwisho, Zuhura. Kizima?"

"Kizima."

Sebule ya Mama Nasreen ilikuwa juu ya duka. Alikuwepo na wifi yake, wanachambua dengu. Nikaamkia, wakaitika marahaba, tukakaa. Mama Nasreen akafungua kitambaa kwa furaha ya mtu anayepokea chake. Sisimizi wakatoka kwenye shavu, mstari mmoja, wakashuka mkononi mwake, mmoja amebeba kijiwe cha waridi.

Hakupiga kelele. Alikiweka kisanduku juu ya meza polepole.

Wifi yake akasema, "Ndiyo hawa unaowaazima."

"Bi Rehema, kilitoka kwangu kizima."

"Kilitoka kizima."

"Nani kafanya hivi?"

"Nilikipokea mimi, mama."

"Sijakuuliza nani alikipokea."

"Ndilo jibu nililo nalo."

Mama Nasreen akapangusa mkono wake. "Basi nyumba hii usiombe tena."

Nami nimekaa, nimevuta ukaya mpaka puani. Ulimi nilikuwa nao. Ulikuwa mzito kama nanga.

Tukashuka. Kule stendi gari la Kilwa lilikuwa linapiga honi, mume wangu yuko mlangoni na godoro letu, ananipungia. Nikasema moyoni, nikipanda tu, yamekwisha. Bi Rehema akafungua fundo la pindo la kanga yake. Akatoa kijiwe kimoja cha samawati, kimegandiwa na uji.

"Hiki nilikiokota mkekani siku ileile."

"Ulijua, somo? Mbona hukunisema?"

"Nimekuuliza mara tatu leo. Mdomo ulioomba ni wangu, nimeujibia. Mkono uliovunja si wangu, siwezi kuusemea." Akanitilia kijiwe kiganjani. "Wiki ijayo namtoa binti wa mchoma mkaa wa Milola. Sijui nitamwazimia wapi. Haya, gari lako hilo."

Akaondoka, hakugeuka.

Nikatazama gari. Nikatazama mgongo wake mfupi unavyokwenda. Mume wangu akaita, utingo akaita. Nikageuka, nikarudi mbio nikapanda ngazi zile za dukani, kandambili moja ikabaki chini.

Nikasema yote nimesimama, ndimu, majivu, uji. Wifi mtu akaangua kicheko. "Uji?"

Mama Nasreen hakucheka. "Wa sukari?"

"Wa sukari na nazi, mama."

Akanitazama mpaka magoti yakacheza. "Jicho halirudi, unajua."

"Najua."

"Na ungepanda gari lako, ningemchukia yule mama mpaka naingia kaburini." Akasukuma sinia la dengu. "Kamwite. Kimbia."

Nilikimbia mguu mmoja mtupu, nikamkuta njia panda. Waliyoongea wawili wale sikuyasikia, niliachwa ngazini. Ila wiki iliyofuata binti wa mchoma mkaa alitolewa na kisanduku kilekile, bibi ana jicho moja. Gari lilituacha. Mume wangu alininunia hadi kesho yake, tumeshapita Mchinga.

Mama Nasreen alipozeeka alimwachia Bi Rehema kisanduku hicho, na Bi Rehema akaniachia mimi. Kipo hapa Masoko, nawaazima mabinti. Kijiwe cha samawati kimo ndani, sijakibandika. Kila anayekuja namwonyesha kwanza lile jicho.

Basi sikiliza, mwanangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ukiharibu cha mtu, sema siku ileile, vijiwe vingali mkekani. Ukinyamaza hujifichi wewe, unamvua nguo yule aliyekusimamia, naye ana wengine nyuma yake wanaomtegemea. Na usichokijua kilivyoundwa, uliza kabla hujakisugua, hata kama mkono wako ni hodari wa masinia. Kuungama kutakutetemesha magoti. Acha yatetemeke, panda ngazi.

Mungu akujaalie watu wa kukuazima, akupe mkono wa kurudisha, na siku mkono ukikosea, mdomo wako uwahi kufika kabla ya sisimizi. Amina.