Siku Mzee Urpo Alipoliangusha Gari Letu

Kwa miaka minne mzee Urpo Hietala alikuwa jirani yetu, ua wa miti tu ukitutenganisha, na katika muda wote huo sikumsikia akisema zaidi ya habari za asubuhi. Huku kwetu, nje kidogo ya mji wa Kokkola, Finland, hakuna anayeshangazwa na hilo. Jirani anatikisa kichwa, nawe unatikisa chako, kila mtu anaingia kwake. Tulijua kwamba aliendesha gari la kusukuma theluji la manispaa kwa miaka thelathini na moja, kwamba hakuoa, na kwamba kila Jumamosi moshi wa sauna yake, kile kibanda cha kuogea mvuke, ulitangulia wa kwetu kupanda.

Na tulijua ana woga wake. Jirani yeyote akiinua gari uani, mzee Urpo alikuwa akivuka barabara na kupita upande wa pili, uso ameugeuzia msituni, hata kama ilimbidi kukanyaga matope. Mume wangu, Jarkko, alikuwa akimcheka.

"Mzee anaogopa jeki kama watoto wanavyoogopa sindano," alisema. "Halafu eti alikuwa dereva."

Mimi nilicheka naye. Nilikuwa sijui.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Theluji ilikuwa imekwisha, limebaki rundo moja jeusi nyuma ya banda, na ardhi ilikuwa inayeyuka: juu imelainika kama uji, chini bado ni barafu. Mtaa mzima ulikuwa unavua tairi za barafu na kuvalisha za kiangazi. Jarkko alikuwa na kazi zaidi ya hiyo. Bomba la moshi lilikuwa likigongagonga tangu Machi, na aliapa kwamba hatalipeleka gari gereji kwa ajili ya nati mbili zilizolegea.

Aliliinua kwa ile jeki ndogo ya kukunja inayokaa kwenye buti pamoja na tairi la akiba. Aliisimamisha juu ya changarawe, chini yake akaweka kipande cha ubao kilichosalia tulipotengeneza ngazi za mlangoni. Akavua gurudumu la mbele la kushoto, akaliegemeza ukutani. Akatandika boksi lililokunjuliwa, akalala chali, akajisukuma hadi nikawa naona miguu tu, kuanzia magotini.

Mimi nilikuwa dirishani jikoni, nakanda unga wa mikate ya iliki. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa nasikia spana ikigonga chuma, na Jarkko akiitukana nati kwa sauti ya chini.

Nilipoinua macho, mzee Urpo alikuwa amesimama upande wake wa ua, mikono imening'inia. Alikuwa haangalii msituni. Alikuwa anaangalia miguu ya mume wangu. Nikamtikisia kichwa, hakuniona. Nikaendelea kukanda. Nilipotazama tena alikuwa pale pale, ila sasa mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama mtu anayepumua kwa shida. Nikaingiwa na wasiwasi. Wasiwasi wangu ulikuwa juu yake. Nilifikiri moyo unamsumbua.

Kisha akapita katikati ya miti. Hakuzunguka hadi langoni, alipita pale pale, matawi yakimkwaruza mashavu, akaja hadi karibu na gari na kusimama.

"Toka humo chini," alisema.

Spana ikanyamaza. "Nani huyo?"

"Mimi. Urpo. Toka."

"Aa, mzee Urpo! Leo umepotea njia?"

"Toka, kijana."

"Ngoja nimalizane na huyu bwana. Nati moja tu, imeshika kutu."

"Nati utaikuta. Toka kwanza."

Jarkko akacheka, na kicheko kile kutoka chini ya gari kilisikika kama kimetoka ndani ya debe. "Mzee wangu, kazi hii nimeianza nina miaka kumi na sita. Nenda kawashe sauna yako, jioni nitakuja tupige soga."

Nilisikia spana ikishika tena, na Jarkko akiguna kwa nguvu. Gari likatikisika. Kidogo sana. Ningekuwa peke yangu nisingeona. Lakini nilikuwa namtazama mzee, na nikaona jinsi alivyorudi nyuma hatua mbili, mikono mbele, kama aliyemwona nyoka. Ndipo nami nikaitazama jeki. Ilikuwa imeinama. Upande mmoja wa ule ubao ulikuwa umezama, na changarawe zilikuwa zinapanda juu yake, moja moja.

Mzee akaja dirishani kwangu. Uso wake ulikuwa hauna rangi. Alininong'oneza, na hii ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya maana aliyowahi kuniambia.

"Mama, mwite mumeo. Sema lolote. Mdanganye."

Nakiri kwamba nilisita. Jarkko hapendi kukatizwa kazi, na huyu mzee nilikuwa simjui, na jasho lilikuwa linamtiririka ingawa kulikuwa na baridi. Nilimwogopa yeye kuliko nilivyoliogopa gari. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga na nilikuwa naitazama tu.

"Mama," alisema tena. "Tafadhali."

"Jarkko!" nikapiga kelele. "Jarkko, mama yako yuko kwenye simu! Amedondoka ngazini!"

Sijui nililitoa wapi hilo la ngazi. Miguu ikapiga teke, kiuno kikatoka, kisha mabega. Alijikokota nje akilaani, akajifutia mikono kwenye suruali, akaja mbio kuelekea mlangoni. Nilihesabu hatua zake: nne, tano, sita.

Mzee Urpo aliweka viganja viwili juu ya bodi ya gari, karibu na taa, akaegemea. Hakusukuma kwa nguvu. Aliegemea tu, kama mtu aliyechoka.

"We! Unafanya nini?" Jarkko aligeuka mlangoni.

Mzee akaegemea mara ya pili.

Jeki ilitoka kwa mlio mfupi, kama mfupa unaovunjika, na gari likashuka. Nilihisi mshindo miguuni kabla ya kuusikia. Diski ya breki ilichimba changarawe ikapotea, na tumbo la gari likalala juu ya lile boksi. Bomba la moshi liliendelea kutikisika kidogo, likatulia.

Jarkko alirudi kwa hatua ndefu, akamkamata mzee ukosi.

"Una wazimu? Wewe mzee una wazimu? Umelisukuma! Nimekuona, umelisukuma gari langu!"

"Ndiyo," alisema mzee.

"Lisingeanguka! Lilikuwa limesimama vizuri!"

"Nina miaka sabini na moja," mzee alisema, sauti yake haisikiki vizuri kwa sababu ya ule ukosi. "Nimeegemea tu. Wewe ulikuwa unaivuta ile nati kwa nguvu zako zote."

Macho ya Jarkko yakashuka. Alikuwa ameacha tochi chini ya gari, juu ya boksi, pale pale kilipokuwa kifua chake dakika moja kabla. Kipande chake kilikuwa kimechomoza pembeni, kimebapa. Aliuachia ukosi polepole. Akakaa chini, pale pale kwenye matope, na sikumwona akiinuka kwa muda mrefu.

"Mama yangu," akasema baadaye, bila kunitazama. "Ameumia?"

"Hajapiga simu," nikamwambia. "Hakuna aliyepiga."

Mzee Urpo alikuwa ameshaondoka. Alipita tena katikati ya miti, na upande wa pili nilimsikia akitapika.

Jioni ile moshi wa sauna yake haukupanda. Wala Jumapili pazia lake halikufunguliwa. Jarkko alikuwa hatulii. Alikuwa akiingia na kutoka, akilitazama gari lililolala ubavu mmoja chini, akirudi ndani. Usingizini alikuwa akishtuka na kujishika kifua. Mimi nilikuwa nafanya hesabu zangu za kipumbavu: ningemalizia kukanda kwanza, ningenawa mikono kwanza, ningesema subiri kidogo mzee. Kila hesabu iliishia mahali pamoja.

Siku ya nne nilichukua mikate sita ya iliki nikaenda kubisha. Alifungua mlango upana wa kiganja.

"Diski imeharibika?" aliuliza.

"Sijui, mzee. Sijaja kwa ajili ya diski."

Akatoka, tukakaa kwenye ngazi zake. Alikula mkate nusu. Ndipo akaniambia habari za Veikko, mdogo wake, kwa maneno machache ambayo nadhani alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

Ilikuwa mwaka 1987, nyumbani kwa wazazi wao. Veikko alikuwa chini ya gari, jeki upande mmoja, magogo ya kuni yamepangwa upande wa pili. Urpo alikuwa amesimama pembeni anavuta sigara. Aliona gogo la juu likipasuka, ufa mdogo, mweupe.

"Nikajisemea, ni mtu mzima, ataudhika nikimwambia," alisema mzee. "Mwaka ule nilikuwa nimeshamwambia mengi. Nikaenda ndani kuchukua kahawa. Nilimimina vikombe viwili."

Akauweka chini ule mkate uliobaki.

Kumbe Jarkko alikuwa upande wa pili wa ua, akitusikiliza. Alikuja akasimama mbele ya ngazi, mikono mfukoni.

"Mzee Urpo," akasema. "Gari bado liko chini. Sijui nilinyanyueje, na sitaki kuligusa peke yangu. Naogopa."

Sijawahi kumsikia mume wangu akilitamka neno hilo, kabla ya siku ile wala baadaye.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuja na jeki kubwa ya magurudumu, stendi nne za chuma, kabari mbili za mbao na kipande cha ubao mnene kama kamusi. Vyote vilikuwa vipya kabisa, bado vina lebo. Alivinunua miaka mingi nyuma na havikuwahi kutoka kwenye banda lake. Kwanza waliweka ule ubao chini ya jeki, wakainua kidogo, wakarudisha gurudumu, wakalisukuma gari hadi barabarani mbele ya lango, kwenye lami tambarare.

"Changarawe ni za kutembelea," alisema mzee. "Anza upya. Breki ya mkono?"

"Nimevuta."

"Gia?"

"Ya kwanza."

"Kabari. Unainua mbele, basi unazuia nyuma. Kila upande. Nati za gurudumu unazilegeza sasa, gari likiwa limekaa chini, siyo likiwa hewani ukaanza kulivuta kama unapigana nalo."

Jarkko alitii kila kitu kama mwanafunzi. Mzee alimwonyesha mahali bodi ilipokazwa kwa chuma maradufu, ambapo jeki inashika bila kutoboa. Gari likapanda. Sauti ya mpini wa jeki ilinifanya nishike kingo za mlango, na nikaona mikono ya mzee nayo imeshika suruali yake mapajani. Stendi zikaingia, moja kila upande. Akamwambia Jarkko alishushe gari taratibu hadi uzito wote ukae juu ya stendi, jeki ibaki imegusa tu.

"Jeki ni ya kuinulia," alisema. "Ikishainua, kazi yake imekwisha. Usilale chini yake hata kwa sekunde moja. Gurudumu ulilovua lilaze chini ya ubavu. Stendi ikikusaliti, gari litaangukia gurudumu kabla halijakufikia wewe. Sasa lisukume."

"Nini?"

"Lisukume. Kwa nguvu. Likitaka kuanguka, lianguke sasa hivi tukiwa tumesimama wote."

Jarkko akaweka mikono bodini. Nilifumba macho. Nilisikia springi zikilia, na viatu vyake vikisota kwenye lami. Nilipofumbua, gari lilikuwa limesimama pale pale, na mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kichwa katikati ya magoti.

Tangu hapo kila Aprili na kila Oktoba anakuja. Hata kwa majirani wengine anakwenda, bila kuitwa, akisikia mpini wa jeki. Wengine wanamfukuza. Mmoja alimwita mzee wa mikosi. Anasimama tu langoni mpaka mtu atoke.

Msimu uliopita alimwomba Jarkko jambo. Alitaka kuingia chini mwenyewe, mara moja. Walifunga kila kitu, wakasukuma mara tatu, wakalaza magurudumu mawili chini ya ubavu. Alilala chali, akajivuta taratibu, kichwa, mabega, kifua. Nilihesabu hadi tisa. Kisha visigino vyake vikaanza kupiga lami haraka haraka, na Jarkko akamvuta nje kwa miguu.

Alikuwa wa kijivu kama majivu. Tulimkalisha, nikamfunika koti langu.

"Hapana," alisema alipopata pumzi. "Siwezi. Nilidhani labda."

"Hakuna anayekulazimisha, mzee," Jarkko alisema.

"Najua." Akajifuta midomo. "Ingia wewe basi, nami nakaa hapa hapa."

Jarkko akaingia. Mzee alikaa juu ya lami ile baridi, kiganja chake juu ya kifundo cha mguu wa mume wangu, na hakukiondoa mpaka nati ya mwisho ilipokazwa.