Palepale Juu

Mchapaji wa stesheneri ya mtaani kwetu Bagamoyo hutumia televisheni kubwa ya OLED kama kioo cha kompyuta. Ameandikia humo matangazo ya misiba mingi, neno TANZIA likikaa palepale juu, mpaka limeganda kiooni. Hata akifungua kazi nyingine, kivuli chake kipo. Huandika kwa vidole viwili, na kila jina la marehemu hulitamka polepole kabla hajalichapa.

Jana nilimsindikiza jirani yangu Hanadi kuchapisha kadi ya harusi ya bintiye. Jina la bibi harusi likaangukia juu ya kile kivuli. Mchapaji akaivuta kadi chini haraka, kisha akalifunika lile neno kwa kiganja.

“Mbona waishusha, kaka?” Hanadi akauliza.

“Huko juu tutafika sote, dada,” akasema bila kugeuka. “Yeye, inshallah, achelewe.”