Ziwa la Juu ya Kilima

Baba yangu alikuwa na ziwa. Ndivyo alivyoliita alipotusimulia tukiwa wadogo: ziwa letu. Lilikuwa juu ya kilima, katikati ya mawe makubwa, na halikukauka hata mwezi wa tisa. Alizaliwa chini ya kilima hicho akachunga ndama pale mpaka alipofika miaka kumi hivi, familia zilipoambiwa zihame kwa sababu eneo lile lilikuwa linaingizwa ndani ya hifadhi. Walitembea na ng'ombe siku mbili. Mwisho wakafika Mbalibali, na huko ndiko tulikozaliwa sisi sote, mimi na kaka yangu na wale wawili waliotangulia mbele ya haki.

Nilikuwa darasa la sita siku nilipomuumbua. Walikuja wageni, wazee wa kanisa, na baba akaanza habari ya ziwa. Wiki hiyo mwalimu wetu alikuwa amechora ramani ya wilaya ubaoni. Nikasema, nikiwa nimeshika birika la chai, "Baba, wilaya yetu haina ziwa. Na juu ya kilima maji hayakai, yanateremka. Tumefundishwa."

Wageni walicheka. Baba naye alicheka kidogo, akanyoosha kikombe nimuongezee chai. Hakunichapa. Mama ndiye aliyenifuata jikoni akanifinya sikio. Nilijiona mshindi.

Nikasoma, nikawa mwalimu wa jiografia. Nilifundisha Mugumu zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka, tukifika kwenye mada ya mito na maziwa, niliwaeleza wanafunzi yale yale: maji hufuata mteremko, wilaya yetu ina mito na mabwawa, ziwa hatuna. Wakati mwingine, ili wacheke, niliwaambia kuna wazee wanaodai kuna ziwa juu ya kilima. Walicheka. Sikusema mzee huyo ni nani.

Nilipostaafu nilianza kulala vibaya. Sitasema ni dhamiri, labda ni umri tu. Lakini nilikumbuka kwamba baba ameishi maisha yake yote karibu na mpaka wa hifadhi na hajawahi kurudi alikozaliwa. Watu wanatoka nchi ambazo hata mimi siwezi kuzionyesha kwenye ramani bila kutafuta, wanaingia, wanapiga picha, wanatoka. Yeye aliishia kuona vumbi la magari yao. Nikaamua nitampeleka kwa siku moja, kwenye gari letu wenyewe, na kiongozi wetu wenyewe, siyo kuchanganywa na watu.

Nilienda kwenye ofisi moja ya utalii pale mjini. Walinipa fomu, nikaijaza peke yangu pale mezani. Majina, umri, chakula gani hatuli, ugonjwa gani tunao. Nilijaza haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na nilikuwa nimeanika mahindi.

Nilipompelekea baba habari, alikuwa anakagua kwato za ndama. Aliendelea kuzikagua.

"Kwenye kilima chenyewe?" aliuliza.

"Kwenye kilima chenyewe, baba. Nimewaelekeza mahali."

"Wewe umewaelekeza?"

"Kwa jinsi ulivyokuwa unatueleza."

Akamwachia ndama, akasimama. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, lakini alikuwa bado anatembea kwa miguu kwenda kwenye josho la ng'ombe na kurudi, akiwa na fimbo yake tu. "Basi nitafua koti," alisema.

Siku ya safari gari lilitufuata Mbalibali asubuhi, moja ya yale yenye paa linaloinuka. Dereva, ambaye ndiye pia alikuwa kiongozi, aliruka chini akaja mbio.

"Shikamoo mwalimu. Hunikumbuki?"

Nilimkumbuka, si jina bali dawati: safu ya mbele, upande wa dirishani, mvulana aliyependa kufuta ubao. Sasa alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye shati lenye mifuko mingi na darubini shingoni. Alimwamkia baba kwa mikono miwili, akamsaidia kupanda, akamfungia mkanda mwenyewe. Alifurahi kweli. Alisema ameomba yeye apewe safari hii alipoona jina langu.

Mpaka tunaingia langoni alikuwa amezungumza bila kupumua. Alijua kazi yake. Alituonyesha twiga kabla hata sijajua pa kutazama. Alimweleza baba nyumbu wanatoka wapi na wanakwenda wapi, na baba, ambaye alijua nyumbu kabla baba wa yule kijana hajazaliwa, aliitikia, "Ehee. Kumbe." Alikuwa amekaa mbele kidogo ya kiti, koti lake limepigwa pasi, anatazama mbele.

Kisha vilima vikaanza kutokea. Baba akaacha kuitikia. Akaanza kujisemea majina kwa Kiikoma, lugha yetu ya nyumbani, polepole. Kilima hiki, korongo hili, pale palikuwa na mji wa mjomba wake. Baadhi ya majina nilikuwa sijayasikia tangu utotoni. Kijana wetu, ambaye hakujua Kiikoma, alidhani mzee anasali, akapunguza sauti.

Tulipofika mahali barabara inapopinda, baba akamgusa dereva begani, akamwita kijana kwa lugha yetu. "Simama hapa, mura."

Gari likasimama. Upande wa kulia kulikuwa na kilima cha mawe, si kirefu sana, chenye mitini iliyojishika kwenye nyufa. Kutoka barabarani mpaka miguuni pake pengine ilikuwa mwendo wa dakika kumi.

"Nifungulie," baba alisema.

"Babu, hapa haturuhusiwi kushuka. Ni hatari, kuna simba na nyati."

"Nataka kupanda kidogo tu. Kuna ziwa pale juu."

Kijana alitabasamu. Nataka nieleweke: hakutabasamu kwa dharau. Lilikuwa tabasamu la mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua. Akamgeukia baba.

"Babu, pale juu hakuna ziwa. Mvua ikinyesha maji yote yanateremka, yanaingia korongoni. Kilima hakishiki maji." Kisha akaongeza, kwa heshima yote, "Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Muulize."

Baba aligeuka akanitazama. Ningeweza kusema jambo lolote. Ningeweza kusema, mwanangu, nilikosea, huyu ndiye aliyechunga hapa. Ningeweza kusema sijui, twende tukaangalie, nani wa kumwomba ruhusa. Nilikuwa na muda. Gari lilikuwa limezimwa, hata ndege nilikuwa nawasikia.

Nikasema, "Baba, tulia. Sheria ni sheria."

Alikaa vizuri kwenye kiti. Akashika fimbo kwa mikono miwili katikati ya magoti. "Twende," alisema.

Sehemu ya kulia chakula ilikuwa mbele kidogo, meza za zege chini ya migunga, na magari mengine matatu. Kijana alitutandikia kitambaa, akatoa maboksi ya chakula: kuku, yai, ndizi, juisi. Baba alimenya yai lake akaliweka chini bila kulila. Nilimwambia ale. Alisema ameshiba.

Hapo ndipo lilipofika gari jingine, na humo likashuka kundi dogo: mzungu mwanamume, mzungu mwanamke, kiongozi wao, na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Yule mama wa kizungu alikuwa na umri usiopungua miaka sabini na tano. Alikuwa na fimbo mbili nyembamba za kutembelea na viatu vyake vilikuwa vyeusi kwa tope hadi kwenye vifundo. Alijiangusha kwenye benchi la meza yetu, akacheka, akasalimia kwa Kiswahili cha kubahatisha.

"Mmetoka wapi na tope lote hilo?" kijana wetu alimuuliza kiongozi mwenzake.

"Pale kilimani, tumepanda kwa upande wa nyuma. Ndugu yangu, kule juu kuna maji hujawahi kuona. Ziwa kabisa, limezungukwa na mawe. Huyu mama amekataa kushuka, amekaa saa nzima."

Yule mama, akiona tunazungumzia safari yake, akatoa kamera akaniletea. Kwenye kioo kulikuwa na maji. Yalikuwa mapana kama uwanja wa mpira wa watoto, yametulia, yana anga ndani yake, na pembeni yake mwamba wa mviringo uliolalia upande mmoja. Baba alikuwa ametueleza mwamba huo mara mia. Ndama walikuwa wanajikuna hapo, alisema.

Nilimpelekea baba kamera. "Baba, tazama. Ni ziwa lako."

Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na jicho zima, akaisogeza mbali. Jua lilikuwa linapiga kioo. Nilimkinga kwa khanga yangu. Alitazama muda mrefu.

"Sioni," alisema. "Naona kitu kinang'aa tu."

Akamrudishia yule mama kamera yake, akamshukuru. Kisha akamtazama miguuni, kwenye lile tope.

"Huyu mama amepanda?" aliniuliza.

"Amepanda."

"Na simba?"

"Walikuwa na askari, baba. Wana kibali cha kutembea kwa miguu."

"Kumbe kipo kibali."

Nilimvuta kijana wetu pembeni, nyuma ya gari. Nilikuwa nimekasirika na nilitaka mtu wa kumkasirikia. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alisimama kama alivyosimama zamani mbele ya dawati langu, mikono nyuma.

"Mwalimu, hiyo inaombwa mapema. Kwenye fomu kuna swali. Mnataka kutembea kwa miguu? Wewe uliandika hapana."

Nikaikumbuka ile fomu, na mahindi yangu uani. Nilikuwa nimeona neno kutembea, nikaona umri wa baba nilioandika mstari wa juu, nikajibu kwa niaba yake. Haikunichukua hata sekunde. Sikufikiri kwamba ni kitu cha kumuuliza.

"Nisamehe, mwalimu," kijana alisema. "Ningejua kama lipo, ningesisitiza." Alikuwa analengwalengwa na machozi, na hakuwa na kosa lolote. Kosa lake lilikuwa kunisikiliza darasani.

Alijaribu kumwomba yule askari. Askari alimsikiliza vizuri, akamtazama baba pale mezani, akasema anaona uchungu lakini kibali kina majina na siku, na yeye anapangiwa. Sikumlaumu.

Tuliporudi hatukusimama tena pale kwenye kona. Baba alikuwa amefumba macho. Sijui kama alilala.

Jioni ile, Mbalibali, majirani walikuja kusikia habari. Walikaa uani, na mmoja akauliza kama ziwa bado lipo. Baba alisema ameona nyumbu wengi na twiga. Wakamuuliza tena. Akasema, "Hakuna ziwa. Nilikuwa mtoto, nilichanganya mambo."

"Baba, lipo," nilisema. "Nimeliona kwenye picha. Ni pale pale."

"Basi umeliona wewe," alijibu, bila ukali. "Waeleze."

Nikaanza kuwaeleza. Nilieleza maji, nikaeleza mwamba, na nilipofika kwenye ndama nikagundua kwamba ninasimulia kwa maneno yake yote, na yeye amekaa hapo hapo ananisikiliza kama mgeni. Nikashindwa kumaliza.

Wiki iliyofuata nilirudi ofisini, nikajaza fomu nyingine, safari hii nikaandika ndiyo. Nilipompelekea habari alikataa. Alisema miguu inamuuma. Haikuwa inamuuma, asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametoka joshoni. Niliomba, kaka akaomba, mchungaji akaja akaomba. Alijibu kila mmoja kwa upole kwamba ameshakwenda na inatosha. Masika yalipoingia aliteleza kwenye zizi akavunjika nyonga, na tangu hapo maneno yake yakawa kweli. Sasa anakaa kwa kaka yangu, kijijini Kisaka, na anatoka mlangoni mpaka kwenye kiti, basi.

Namtembelea kila Jumapili baada ya ibada. Wifi yangu, mke wa kaka, ni mtu asiyejua kuficha, na ndiye aliyeniambia kwamba baba bado analisimulia lile ziwa. Anawasimulia wauza maziwa, anamsimulia nesi anayekuja kumwangalia nyonga. Anataja vina vya maji, anataja mahali wasichana walipokuwa wanashukia na mitungi. "Anasimulia vizuri," wifi alisema. "Wewe hajakusimulia?"

Jumapili iliyopita nilifika mapema kidogo. Nilisikia sauti yake kutoka ndani, nzito, ikienda bila haraka, na jirani mmoja akicheka. Nilisimama nje ya mlango, viatu mkononi. Nilisikia neno mwamba. Ningeweza kubaki pale nisikilize mpaka mwisho, lakini niliona ni kuiba.

Nikapiga hodi.

Sauti ikakatika. Jirani akanipisha kiti. Baba alipokea shikamoo yangu, akaniuliza barabara ya kutoka Mugumu ikoje na hizi mvua. Nikamwambia ina tope, lakini magari yanapita.

"Vizuri," alisema, na tukaendelea kuzungumzia barabara.