Namba ya Boti ya Njeru

Nakumbuka asubuhi moja pale bwawa la Kiambere, mwanangu. Nilikuwa kijana mbishi kweli kweli, na boti yangu mpya haikuwa na namba. Kuiandikisha kulitaka kumngoja afisa wa samaki aje aikague. Mimi? Kungoja? Nikatwaa rangi nyeupe, nikaandika namba ya boti ya binamu yangu Njeru. Sisi ni damu moja, nikajiambia, kuna ubaya gani?

Tulitoka wote wawili kutega nyavu, kila mtu upande wake. Upepo ukaanza mapema. Mimi nikarudi mbio. Karani wa wavuvi akasoma namba ubavuni mwa boti, akaandika daftarini kwamba imerudi. Nikaenda zangu kula githeri.

Adhuhuri mama yake Njeru akaja kumuulizia mwanawe. Karani akamwonyesha daftari. "Boti yake imerudi, mama. Labda amepitia sokoni."

Nilikuwa hapo kando na sahani yangu, nikasikia yote. Na wallahi, kwa aibu nikamaliza sahani nzima kabla ya kusema kweli. Dakika hizo nazijutia hadi leo. Wanaume wakarukia boti zao, wakamkuta Njeru ameshikilia boti iliyopinduka, hai, lakini kwa baridi na uchovu hata jina lake hawezi kulitamka.

Baba yake, mfuga nyuki, hakunipiga. Aliniita kando, akasema polepole, "Mzinga wako unautia alama ya ukoo wetu. Ya ukoo mwingine huthubutu kuiweka. Asali unaiheshimu kuliko mtoto wangu?" Heri angenichapa.

Sasa nawasikia wewe na wavuvi wenzako mkinung'unika kwamba boti zote zinapakwa namba upya, eti serikali inatafuta wa kukamata. Ndiyo, mwenye nyavu za matundu madogo atajulikana, na ajulikane, samaki wachanga wakue. Njia ya mwongo ni fupi. Lakini namba hiyo hiyo ndiyo itakayomfanya mtu aulize uko wapi. Andikisha boti yako, mwanangu. Namba isomeke kwa mbali, na usimwazime yeyote, hata ndugu wa tumbo moja.

Mungu azibariki nyavu zenu, na kila atokaye asubuhi awe na mtu wa kugundua kwamba hajarudi.