Mafuta ya Kondoo Ndani ya Mota

Hakuna cherehani inayoweza kunishangaza. Shule niliachia darasa la tano, lakini miaka ile ya tisini, kutoka Kitengela hadi Kajiado mjini, mashine ya zamani ikigoma watu walisema, "Mwiteni yule fundi." Fundi ni mimi.

Ijumaa moja asubuhi niliitwa Isinya na mama mmoja Mmaasai aliyekuwa akishonea kwaya ya kanisa lao majoho meupe. Yalibaki sita, na Jumapili askofu anakuja. Cherehani yake, kuukuu kutushinda sisi wawili, ilikuwa na mota ya stima, na mota inalia kama mbuzi aliyefungiwa.

"Imekauka, yeyo," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kimaasai. "Inataka grisi."

Nikafungua mkebe wangu. Mtupu. Mtu mwingine angerudi Kitengela. Mimi nikaona juu ya kabati chupa ya mafuta ya kondoo, yameganda vizuri, meupe.

"Hayo ni ya watoto wakikohoa," akasema.

"Si hata mota yako iko na kikohozi?"

"Fundi, uko na hakika?"

"Yeyo, mafuta ni mafuta."

Nikayashindilia kwenye matundu ya mota mpaka yakafurika. Akawasha. Laini kabisa! Nikaanza kumweleza vile mafundi wa Nairobi huniogopa. Joho la kwanza likaisha. Katikati ya la pili mota ikapata joto, na kondoo akayeyuka. Ikaja harufu ya nyama choma, halafu moshi, halafu tone jeusi, ta! kwenye bega jeupe. Mbwa watatu wakasimama mlangoni. Mzee wa boma akatoka zizini mbio.

"Mnachinja bila kuniambia?"

Mama hakucheka. Alichomoa waya wa stima, akatoa mkanda wa mota, akanionyesha gurudumu la cherehani.

"Zungusha."

Nilizungusha kwa mkono siku hiyo na Jumamosi nzima. Nikipunguza mwendo tu, ananiuliza, "Mota, umekauka?"

Jumapili majoho yote sita yalifika kanisani. Mbwa pia.

Na niseme ukweli, fundi mwingine hangeweza kuzungusha vile. Huu mkono si wa kawaida. Lakini kitambaa cha joho lililoharibika, kutengenezwa kwa mota Nairobi, na chupa nyingine ya mafuta ya kondoo vilinitoka mfukoni: shilingi elfu moja mia nane arobaini na tano.