Ndama wa Ngiri

Ngiri wangu alizaliwa kipindi cha jiografia, saa ile baada ya ugali ambapo sauti ya mwalimu inakuja kutoka mbali, kama redio ya jirani. Wikiendi iliyotangulia nilikuwa nimemwona pale Mikumi, pembeni ya lami, kapiga magoti anakula majani. Ngiri ndivyo wanavyokula. Mimi nilimwona kama mwanafunzi aliyechelewa mstarini, anatumikia adhabu. Nikamchora kwenye daftari, nikamvika sweta la shule na tai, nikaendelea kuelea.

Dada yangu anachapa fulana hapa Kilosa. Alimkuta kwenye daftari, akamtia kwenye fulana, watu wakacheka, wakavaa. Basi tukafungua kampuni: dada, mama na mimi, ila hisa zangu mama ananishikia mpaka nifikishe miaka kumi na nane. Mwenye duka moja la watalii Mikumi akataka fulana za ngiri, kwa sharti moja: aone karatasi inayosema ngiri ni mali ya kampuni.

Jumamosi mchana dada akaja na hati kutoka steshenari. Tulikaa barazani, joto limelala juu ya bati, hata kuku walitembea kama wanaota.

"Saini hapa," dada akasema. "Unahamishia hakimiliki kwa kampuni. Kisheria kampuni ni mtu."

"Ana umri gani?"

"Wiki tatu."

"Basi aniamkie kwanza. Marahaba, kampuni!"

"Saini, mjinga wewe."

Nilicheka, lakini kalamu haikushuka. Imeandikwa: haki zote, za sasa na za baadaye. Nikamwona ngiri anasimama, anajipangusa magoti, anaondoka na sweta lake bila kugeuka. Kesho nikitaka kumchora, nimwombe nani ruhusa?

Mama alikuwa anachambua mchele. Kwao ni wafugaji, walishuka Tindiga, huku huku Kilosa, na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa kabla sijazaliwa. Neno kuhamisha yeye analisikia likiwa na kwato.

"Mnamhamisha huyo mnyama," akasema. "Na ndama je? Ndama watakuwa wa nani?"

"Mama, ni picha. Haizai."

"Mdogo wako anachora kila siku. Kesho atamchorea mke, keshokutwa watoto. Kwetu ng'ombe hatoki zizini kabla hamjasema ndama ni wa nani."

Dada akairudia hati, mstari kwa mstari.

"Huyu ndiye mwanasheria wangu," nikasema.

"Nyamaza na wewe," mama akasema. "Nyumba hujafagia."

Dada akaandika kwa mkono pale chini: ngiri wa fulana ni wa kampuni, ila mchoraji anaruhusiwa kumchora kwenye madaftari yake, ngiri wapya ni wa mchoraji mpaka awatoe kwa karatasi nyingine. Akarudi steshenari kuichapa upya. Alipoileta, yeye alisaini kwa kampuni, mimi kwa ngiri, na mama kama mzazi, maana sheria bado inaniona mtoto.

Nilidhani sitasikia kitu. Lakini hati ilipokunjwa, kifua kilibaki wazi kidogo, kama zizi asubuhi. Nikachukua penseli nimchore tena, kuhakikisha tu. Mkono ukaenda wenyewe kwa mnyama mdogo zaidi, meno hayajaota, sweta linamfika kwenye kwato.

Dada akachungulia. "Huyo naye mzuri! Tunamtoa lini?"

"Muulize mwenye ndama," nikasema, nikafunga daftari.