Soksi za Baba na Nywele za Furaha

Enzi zetu pale Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, msichana wa shule ya msingi hakuwa na shida ya nywele kwa sababu hakuwa na nywele. Jumamosi mama alikukalisha kwenye kigoda uani, wembe ukapita, ukainuka na kichwa chepesi kinachonukia sabuni, na Jumatatu ukasimama mstarini na wenzako, vichwa vyote vinang'aa. Aliyetutazama kwa mbali hakujua nani msichana nani mvulana mpaka aone sketi. Ndiyo maana binti yangu aliponiomba majuzi nimsaidie kuchagua lastiki ya kufungia nywele zake ndefu, nilisimama mbele ya rafu ya duka kule mjini nikiwa sijui hata nianze kushika ipi. Kulikuwa na za kitambaa, zile wanazoziita shushu, nene na laini. Kulikuwa na nyembamba zilizoungwa kwa kipande cha chuma. Kulikuwa na za plastiki zilizojisokota kama waya wa simu ya mezani, simu ambayo binti yangu hajawahi kuishika. Akanieleza kwamba ile ya chuma inang'oa nywele, ile nyembamba inazikata, na ya hariri haidhuru kitu ila inateleza. Yote hayo amefundishwa na video. Nilimsikiliza nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Lakini kusema kweli somo hilo nililipitia zamani, bila video, kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Mtu huyo ni Furaha, binti wa mama mdogo. Mama yangu na mdogo wake walizaliwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na wa kwangu ndiye aliyeolewa Bujumbura na karani wa serikali, mtu wa suruali zilizopigwa pasi na soksi zilizovutwa mpaka karibu na magoti. Nilikuwa darasa la tatu mama mdogo alipotujia na Furaha mkono mmoja na furushi mkono mwingine. Furaha alikuwa wa rika langu, lakini nywele zake zilikuwa za mtu mzima. Zilifika katikati ya mgongo, nyeusi, nzito, zimefungwa kwa utepe. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia kwenye ua kana kwamba tumeleta mnyama.

Mama mdogo hakukaa. Alinong'ona na mama jikoni, mlango umerudishwa, na harufu ya visamaki vya ndagala vinavyokaangwa ikitoka kupitia upenyo. Alipotoka alikuwa na macho mekundu, nami nikadhani ni moshi. Akamshika mama mkono.

"Yaya," alisema, maana hivyo ndivyo walivyomwita dada mkubwa kwao, "mutoto nakuachia. Kitu moja tu nakuomba. Mutu asikate hizi nywele mpaka nirudi."

"Na shule? Hapa banazikata zote."

"Utaongea nabo. Mi sijui utasema nini. Lakini zisikatwe."

Akaenda. Tuliuliza anakwenda wapi, tukaambiwa ni safari. Safari ya nini? Safari. Enzi zetu mtoto aliuliza mara moja. Akirudia swali alitumwa kuteka maji.

Shule yetu ilikuwa na mkurugenzi mwanamke, mrefu, mwenye miwani inayoning'inia kifuani, ambaye sote tulimwita Direktrisi na tulimwogopa kuliko radi. Asubuhi ya kwanza alimwona Furaha mstarini, akampita. Alimwita mama tu. Mama alivaa kitenge chake kizuri akaenda, nami nilisimama nje ya dirisha la ofisi nikijifanya nafunga kiatu.

"Hapa hakuna nywele, mama. Unajua," alisema Direktrisi.

"Najua. Lakini huyu si wangu. Mama yake aliniachia hivi, akasema zisikatwe mpaka arudi. Mi sina ruhusa."

"Kwa sababu gani?"

Mama aliinamia meza. Kisha alisema kitu kwa Kirundi, kwa sauti ya chini sana, na sikukinasa. Nilisikia kiti kikisogezwa.

"Sawa," alisema Direktrisi mwishowe. "Ifungwe. Ifungwe vizuri. Siku nitaona zimefunguka hapa mu kivanja, mukasi iko pa meza yangu."

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu mama yangu, mwanamke aliyejua kupika sombe, yale majani ya muhogo, kwa namna ambayo sijaiona tena, hakujua kabisa kufunga nywele. Maisha yake yote alikuwa amezinyoa. Alianza na vile vilastiki vyembamba vya kahawia ambavyo wauza maharagwe hufungia mifuko. Vilishika, hilo hatukatai. Lakini jioni, tulipovitoa, vilitoka na nywele zao. Furaha aliuma midomo na mama akabaki ameshika kifundo kile cha mpira na nywele, anakigeuzageuza, hajui akitupe au akifiche.

Siku iliyofuata alijaribu kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ule ambao wabeba mizigo hufungia magunia na ambao sisi tulitengenezea lastiki ya kuruka. Huo ulishika hata zaidi. Furaha alirudi nyumbani macho yamevutwa mpaka yakawa membamba, anasema kichwa kinapiga, na pembeni mwa paji la uso vijinywele vidogo vilikuwa vimeng'oka vikaacha vipele. Kisha ukaja uzi mweusi wa kusukia. Mama aliuzungusha na kuuzungusha, akatia fundo, na jioni fundo likakataa. Ilibidi likatwe kwa ncha ya wembe huku mimi nimeshika taa ya chemli na mama anakwenda uzi mmoja mmoja, maana alikuwa anakata uzi katikati ya nywele alizoambiwa zisikatwe.

"Mungu wangu, hivi zinafungwaga namna gani?" alisema, na nilishangaa, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumsikia mama akiuliza mtu kitu asichokijua.

Furaha mwenyewe alisema, polepole, "Mama yangu anafungaga na kitambaa."

Tukarudi kwenye kitambaa. Mama alichana pindo la kitenge, akafunga, na kweli hapakuwa na maumivu. Nami nikapewa kazi. "We Aline," mama aliniambia, "macho yako yabaki ku nywele za ndugu yako. Ukiona zinafunguka, mbio."

Ilikuwa wakati wa mapumziko. Tulikuwa tunaruka lastiki upande wa jiko la shule, wawili wameinyoosha kwa miguu yao, wengine tunaimba, vumbi linapanda, jua la Bujumbura linachoma utosi ulionyolewa. Furaha alikuwa anaruka vizuri kutuzidi sote. Lastiki ilipanda kutoka kwenye vifundo mpaka magotini, kisha kiunoni, na yeye bado anaruka. Hapo nikaona kitenge kinateleza. Kilishuka kama mtu anayeshuka ngazi, kikaanguka, na nywele zote zikafunguka mgongoni.

Direktrisi alikuwa barazani, anaongea na mwalimu, ametupa mgongo.

Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka tu kwamba wasichana wote tuliokuwa pale, hata wale waliokuwa wanamwita Furaha majina mabaya, tulimzunguka. Tukasogeleana bega kwa bega, tukaendelea kuimba ule wimbo wetu kwa sauti kubwa, na katikati Furaha amechuchumaa nami nimeshika nywele kwa mikono miwili, nazitafutia mwanzo na mwisho, nafunga, zinateleza, nafunga tena. Kijasho kilinitoka. Kengele ikalia. Tulipotawanyika Direktrisi alikuwa amegeuka anatutazama. Alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia ofisini kwake. Mpaka leo sijui kama aliona.

Jioni ile nilimweleza mama yote. Alikuwa anakunja nguo zilizoanuliwa, na mkononi ameshika soksi ya Baba iliyotoboka kisigino. Akaivuta shingo yake, ikaenda, ikarudi. Akaivuta tena. Akachukua mkasi, akakata ile sehemu ya juu yenye mpira uliofumwa ndani ya uzi, ikabaki pete pana na laini, haina chuma wala fundo. Alimkalisha Furaha, akampaka mafuta kidogo, akazikusanya nywele akazipitisha kwenye ile pete, akaikunja mara moja, basi.

"Inauma?"

"Apana."

"Ruka."

Furaha akaruka. Akatikisa kichwa kama mbuzi aliyenyeshewa. Haikusogea. Tulicheka wote watatu, na mama alicheka zaidi.

Tangu siku hiyo mama alikuwa fundi. Aligundua kwamba nywele mbichi hazifungwi, zinakatika. Aligundua kwamba leo ukifunga juu, kesho ufunge chini, ili pasichoke mahali pamoja. Usiku alizifungua zikalala huru ndani ya kitambaa. Tatizo lilikuwa moja: pete zililegea, na soksi zilizotoboka zikaisha. Akaanza kukata zisizotoboka.

Baba, mtu asiyevumilia hata kifungo kilicholegea, alianza kwenda kazini na soksi zinazoanguka juu ya viatu. Alizivuta asubuhi, zikaanguka kabla hajafika kwenye kona. Tulimwona kutoka mlangoni akisimama njiani, anainama, anavuta, anatembea, anasimama tena. Alirudi akisema siku hizi wanatengeneza soksi mbaya. Mama alikubaliana naye kabisa. Ikachukua muda, kisha asubuhi moja akiwa mezani anakunywa chai, Furaha alipita mbele yake, na Baba akakitazama kichwa chake. Akatazama miguu yake mwenyewe. Akatazama tena kichwa.

"Mama Aline," alisema.

"Karibu, Papa Aline."

Alinyanyua kikombe, akanywa, akakiweka. "Ile ya bluu," alisema, "inakaa muzuri kuliko hii." Akaondoka kwenda kazini. Jioni akaweka jozi ya bluu juu ya meza.

Furaha alimaliza muhula na nywele zake, tukaanza mwingine, tena zilikuwa zimerefuka. Mvua zilikuwa zimeanza, ua wetu umejaa tope, sisi tuko chini ya baraza na mama yuko na chanuo mkononi, pale lango lilipofunguliwa na mama mdogo akaingia. Amekonda. Amefunga kitambaa kichwani. Furaha alisimama, lakini hakukimbia. Mama mdogo alitufikia, akatua mzigo wake, akafungua kile kitambaa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa kama vyetu.

Mama aliweka mkono mdomoni. Mimi nilitaka kucheka, kwa sababu niliona sasa mama mdogo anafanana na wanafunzi.

"Asante, Yaya," alisema. "Umezitunza muzuri." Akazishika, akazipima kwa kiganja tangu shingoni mpaka mwisho. Kisha akaomba maji anawe mikono. Kisha akaomba mkasi na wembe.

Alimkalisha Furaha katikati ya magoti yake na akazikata zote. Mimi nililia, tena kwa hasira, nikauliza kwa nini, si yeye mwenyewe aliyesema zisikatwe, si tulizilinda. Mama alinivuta nikae. Furaha hakulia. Alikaa ameinamisha kichwa, nywele zinaanguka kwenye mkeka, na mama mdogo anazikusanya ndani ya kitambaa. Baba aliporudi kutoka kazini alitukuta hivyo. Alivua viatu akaketi chini pamoja nao, juu ya saruji baridi, na suruali yake ya pasi. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa chini. Sikuelewa kitu hata kimoja.

Kesho yake nilingoja Direktrisi afurahi. Alifika mbele ya Furaha mstarini, akasimama, akaweka kiganja juu ya kile kichwa kipya kwa muda, kisha akaendelea na wengine.

Nilikuwa msichana mkubwa kabla ya kuunganisha vipande. Baba yake Furaha alikuwa akifanya kazi Kalemie, mji wa mbali kusini mwa Uvira, na alikuwa ameugua. Mama mdogo alikwenda kumuuguza, naye alitaka mumewe akipona akarudi amkute binti yake vile alivyomwacha, na nywele zile alizozipenda. Hakupona. Kwao wafiwa wananyoa. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyetuambia.

Mwaka huu Furaha, ambaye ni mwalimu kule Kamenge na nywele zake huzikata fupi kwa hiari yake, alikuja kwangu Jumapili baada ya misa. Nilimuuliza kama siku ile alikuwa anajua.

"Niliona kitambaa kimelala ku kichwa ya mama, hakuna nywele chini, akiwa bado kwa lango," alisema. "Nikajua. Nikangoja mutu aniambie."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Mama alienda na ile habari ku kaburi yake."

"Na wewe hukumuuliza?"

Alicheka kidogo. "Wakati ule nani alikuwa anauliza?"

Tulikaa na chai yetu. Nilitaka kumwambia kwamba wazazi wetu walikosea, na papo hapo nikataka kusema kwamba ile miezi aliyoruka lastiki bila kujua ilikuwa zawadi. Sikujua lipi ni la kweli, nikamwongezea sukari.

Watoto wetu hawangoji lango lifunguliwe. Habari inawafikia ikiwa bado moto, na picha juu, na watu kutoka nchi zote wanaandika pole chini yake. Kaka yangu, aliyehamia Uvira ukubwani, alipofariki, nilikuwa jikoni nachambua mchele. Binti yangu aliingia na simu mkononi, akasimama mlangoni.

"Mama, pole."

"Pole ya nini?" nilimuuliza.

Alinivutia kiti kwanza.